Misukule ya filamu ipakwe udongo

Mhariri,

Filamu za misukule zinazotengenezwa huku Moshi na Arusha zinapoteza utamu, kwa sababu damu yake siku hizi inamwagwa kwenye kompyuta. Nawaomba watengenezaji wetu wazitazame upya zile za Waitaliano na Wahispania za miaka ya 1970. Fedha zilikuwa kidogo, lakini zinapendwa hadi leo kwa kuwa kazi ya mikono inaonekana.

Katika Zombi 2 ya Mwitaliano Lucio Fulci (1979), fundi Giannetto De Rossi aliwapaka wafu udongo usoni, tabaka juu ya tabaka, na ulipokauka ukapasuka kama ngozi iliyooza. Udongo wa mfinyanzi tunao. Uchekeche, ukoroge uwe uji mzito, paka kidogo, uache ukauke ndipo uongeze, na katikati ubandike vipande vya tishu vilivyochanwa. Ukipaka nene mara moja, unabanduka magamba mazima mwigizaji akifungua mdomo. Paka pia shingo, nyuma ya masikio na viganja. Katika Zombie Lake (1981) rangi ya kijani inatoka usoni waziwazi, na wapenzi wa filamu hizi hawaachi kuisimulia.

Damu: chemsha vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji hadi vinate. Ikipoa, tia rangi nyekundu ya chakula, tone 1 la bluu, na kijiko 1 cha kakao iliyokorogwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu, la sivyo itafanya madonge. Bila kakao utapata sharubati. Ifunikeni hadi kamera iwake, maana juani inaita nyuki.

Mwendo nao haugharimu kitu. Mwongozaji Mhispania Amando de Ossorio aliwapandisha farasi wafu wake wa mifupa mitupu mwaka 1972, akawapunguza kasi, na hofu yote imo humo. Kwa simu, rekodi picha 60 kwa sekunde, uzicheze kwa 24.

Msihangaike na kelele za bodaboda. Waitaliano waliingiza sauti baadaye, na watazamaji wa mabanda yetu ya video, waliozoea filamu zilizotafsiriwa, hawasumbuliwi na mdomo kupishana na sauti. Mkirekodi sauti hiyo ndani, tundikeni mablanketi mazito kuta zote nne za chumba, mwigizaji asimame shubiri moja na nusu kutoka kwenye maikrofoni, pembeni kidogo ili pumzi isigonge.

Mpenzi wa filamu za kutisha,
Moshi