Zuhura, mwanga umekwenda na maji

Sheffield, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto. Mie mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Uliniuliza napika nini maabara kutwa. Hukukosea, ni kupika hasa. Natia asidi ya sitriki, hiyo inayoipa ndimu ukali, pamoja na kemikali iitwayo ethilinidiamini kwenye kopo la chuma, nafunga, naweka kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa 5. Kinachotoka kina rangi ya mkandaa. Kimulike kwa taa ya urujuanimno: kinawaka buluu mpaka useme lahaula!

Humo mna nukta za kaboni, chembe zisizofika nanomita 10 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni). Wataalamu wa South Carolina, Marekani, walizikuta 2004 bila kuzitafuta, wakisafisha masizi. Tunazitaka zimulike uvimbe mwilini, maana chembe za kumulikia za awali zilikuwa na metali ya kadimi, na kadimi ni sumu. Zetu zikiwa ndogo vya kutosha, figo zinazichuja zinatoka na mkojo.

Basi nikashangilia wiki nzima. Kisha nikautia mchuzi kwenye mfuko wa utando, kama ule wa mashine zenu za kusafishia damu, nikaulaza majini. Siku ya tatu namulika: maji ya nje yanawaka, mfuko umefifia! Kumbe sehemu kubwa ya mwanga ilikuwa ya molekuli ndogo zinazozaliwa humo humo, zikapenya kama urea inavyopenya kwa wagonjwa wako. Wenzangu walishaliandika hilo. Nililisoma, nikaona ni yao.

Na hata mwanga ungebaki mfukoni, buluu haifiki mbali mwilini. Weka tochi nyuma ya kiganja chako usiku, uone: kinachopita ni chekundu tu. Damu inaumeza mwanga wa buluu, na nyama yenyewe inawaka kidogo, inatuchanganya.

Kwa hiyo nimebadili pishi. Sasa ni kemikali ya para-fenilinidiamini ndani ya ethanoli, nyuzi 180, saa 12. Hutoa wekundu. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye piko, inayowababua maharusi mikono! Kopo limo kwenye oveni nikikuandikia, na safari hii simuiti mtu kuja kutazama mpaka mfuko umalize siku zake majini.

Mdogo wako naye, siku ya harusi, atosheke na hina. Piko aniachie mimi.

Wako,
Mwanaidi