Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: Mwenye maumivu aulizwe analala vipi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Likoni. Mimi ni mama wa mahamri. Huamka saa tisa usiku kukanda unga, na alfajiri karai huwa liko motoni. Miaka mitatu iliyopita mgongo ulinikamata. Ukaanzia kiunoni, ukateremka mguu wa kushoto hadi kisiginoni, unawaka kama waya wa moto.

Katika kituo kimoja cha afya nilikwenda mara saba. Kila mara nilipewa vidonge vya siku tano. Picha ya eksirei ilipotoka safi, nikaambiwa, "Mama, huna kitu, ni mawazo tu." Neno hilo nilirudi nalo nyumbani na sikulitoa moyoni mwaka mzima.

Mawazo yalikuwepo, sikatai. Lakini yalitanguliwa na nini? Nilikuwa silali, kila nikigeuka mguu waniamsha. Asubuhi nikisimama juu ya mteremko wa kivuko, watu wakianza kukimbilia feri, moyo wanidunda na jasho lanitoka, nikiogopa kusukumwa nianguke. Nikaanza kurudi nyumbani bila kuvuka. Harusini nikaacha kwenda, maana mkekani siwezi kukaa. Karai likashika vumbi. Mwanangu wa darasa la sita akawa ndiye anayenifunga viatu, nami nageuzia uso ukutani asinione. Mamangu alinipeleka nikasomewa, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya. Nilipata utulivu, na silidharau hilo. Mguu uliendelea kuwaka.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwingineko. Kabla hajanigusa aliuliza: "Unalala vipi? Ni kazi gani ulikuwa ukiifanya, siku hizi huiwezi?" Nililia hadi akafunga mlango.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba maumivu na huzuni vinapita njia moja mwilini. Kemikali za serotonini na noradrenalini zinazoshughulika na hali ya moyo ndizo pia husaidia ubongo kupunguza makali ya maumivu. Usingizi ukikatika, mwili unahisi maumivu zaidi. Mtu akiogopa kuumia hujikunyata, misuli ikadhoofika, na siku akiinuka anaumwa kuliko jana. Ndiyo maana dawa ya amitriptilini, iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hutolewa kwa kiasi kidogo kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Tangu 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayahesabu maumivu yanayopita miezi mitatu kuwa tatizo la kutibiwa lenyewe, hata pale ambapo picha haionyeshi kitu.

Mheshimiwa, huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, ndiyo maana naandika kwako. Kuna fomu fupi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kukata tamaa. Imeshatumika kwa Kiswahili hapa hapa Kenya, na haihitaji mashine. Naomba kila anayekuja na maumivu ya zaidi ya miezi mitatu aulizwe maswali hayo, iwe ni Jomvu, Kisauni au Changamwe. Akionekana ameelemewa, amwone mshauri siku ile ile anapofanya mazoezi, kwa sababu nauli ya kurudi kesho wengi hatuna. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotutembelea majumbani nao wafunzwe kuuliza. Nawafikiria makuli, wabeba magunia wa Kongowea, madereva wa tuktuk: wanaume hao hawatasema wana huzuni, watasema mgongo.

Swali la tisa huuliza kama katika wiki hizo mbili mtu ameona afadhali afe. Mwaka ule ningejibu ndiyo. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa nimerudi kwenye karai, siku nne kwa wiki. Mguu bado unauma, lakini nalala, na viatu najifunga mwenyewe. Ukitaka kumtuma mtu aje anisikilize, meza yangu iko kando ya njia ya kuteremkia kivukoni, upande wa Likoni. Huwapo hadi saa tatu asubuhi, mbaazi zinapokwisha.

Wako kwa heshima,
Mama wa mahamri, Likoni