Salamu za Krismasi kwa wapwa, na kwa wajomba wenye mkono wa birika

Heri ya Krismasi, ndugu, jamaa na marafiki, mliokwenda kijijini na mliobaki mjini.

Mwaka huu nimemkumbuka bahili wa London, Ebenezer Scrooge, yule wa A Christmas Carol, kitabu cha hadithi cha mwandishi Mwingereza Charles Dickens kilichotoka tarehe 19 Desemba 1843. Wengi hupenda kusimulia habari za mizimu iliyomtembelea usiku. Mimi kinachonishika ni kwamba Scrooge ni mjomba wa mtu. Kijana Fred, anayemfuata ofisini kumkaribisha chakula cha Krismasi, ni mtoto wa dada yake. Wala hamwombi hela. Anamtakia heri, anafukuzwa, anamtakia heri tena akitoka. Huku kwetu mjomba akimfanyia mpwa hivyo, kikao cha ukoo kingeitishwa kabla ya Mwaka Mpya!

Mzimu wa kwanza unamrudisha utotoni. Anajiona mtoto aliyeachwa peke yake shuleni, wenzake wote wamekwenda likizo. Kisha anamwona dada yake Fan, bado kasichana kadogo, akiingia mbio kumchukua: baba siku hizi ni mpole, twende nyumbani. Fan alikuja kufariki, akaacha mtoto mmoja. Mzimu unamkumbusha mtoto huyo ni nani, na mzee anakosa raha, maana ndiye aliyemfukuza jioni ile ile.

Yupo pia Belle, mchumba aliyevunja uchumba baada ya kuona fedha imechukua nafasi yake. Anamwambia Scrooge: unaiogopa mno dunia. Nadhani mabahili wengi wako hivyo: waliwahi kuogopa umaskini, na hofu haikuwatoka hata walipopata. Dickens mwenyewe aliijua. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, baba yake alifungwa kwa madeni katika gereza la Marshalsea, na yeye akawa anabandika lebo kwenye vikopo vya kiwi ya viatu kiwandani.

Basi kama una mjomba ambaye kuanzia Desemba mosi hapokei simu kwa kuogopa kupigwa mizinga, mtumie salamu tupu. Muulize hali, mtaje marehemu dada yake kwa wema, usimwekee namba ya M-Pesa chini ya ujumbe. Mkaribishe chakula. Akikataa, mkaribishe tena mwakani.

Sikukuu njema, na Mwaka Mpya wenye heri.