Barua kwa mjomba wangu aliyepiga besi upande wa pili

Mjomba,

Najua hii utasomewa na watoto juu simu yako ni ile ya tochi, na najua utamkatiza anayesoma katikati uulize kama mchele ulifika. Ulifika. Mama alichukua nusu akasema hiyo ni haki ya dada. Sasa sikiza.

Jumamosi iliyopita tulirekodi bendi. Si mambo ya simu, studio kabisa, sisi wanafunzi sita na vijana watano wanaopiga benga wikendi upande wa Kondele, na kwa wimbo mmoja wakaja na mzee wa nyatiti. Ilikuwa kazi ya kikundi, inaenda kwa maksi. Mmoja akakaa kwa kompyuta, mmoja akashika maiki, wawili kebo na stendi, mmoja akawa prodyusa, yaani kusema "tena" na kujifanya anajua ni kwa nini. Mimi nikapewa karatasi. Kuandika teki, yaani kila mara wimbo unarudiwa kurekodiwa, ni ya ngapi, maiki gani imewekwa wapi, nani amepiga nini. Mjomba sikufichi, nilinuna, miaka mbili nasomea kushika miksa alafu siku yenyewe ikifika nakuwa karani.

Asubuhi yote ikaisha kwa drams. Saa mbili mpaka saa nne na nusu tunasogeza maiki inchi mbili hivi, inchi mbili vile, na huyo kijana anapiga ngoma moja, dum, dum, dum, kama mtu anayeita mbuzi. Magitaa yakaenda haraka, spika ikawekwa stoo, maiki ya Shure SM57 mbele yake, hiyo maiki imetoka 1965 na mpaka leo ndio kila mtu anakimbilia, mlango ukafungwa, basi.

Besi sasa. Besi tuliichomeka kwa kile kiboksi cha DI, ikaingia kwa kompyuta moja kwa moja bila spika, safi kama maji ya chupa. Sisi tunafurahi. Kijana wa besi akapiga nusu ya wimbo akasimama, akatoa hedifoni, akasema, "Nasikia kwa masikio, kwa tumbo sisikii." Prodyusa wetu akaanza kumwelezea mambo ya hedifoni na sauti kumwagikia maiki za wengine, na ni kweli hayo, lakini mimi nikakuona wewe pale pale, venye ulikuwa unaegemeza mgongo kwa spika ya besi kabla ya shoo ndio ujue kama iko sawa, na shangazi akisema siku moja itakupasua figo. Nikaongea, mimi wa karatasi. Nikasema tumpe spika iwe kwa korido, mlango uachwe wazi kidogo, na kile kiboksi kiendelee kurekodi. Wakakubali juu walikuwa wamechoka, si juu nina akili. Teki iliyofuata huyo kijana alikuwa mtu mwingine.

Klik nayo ilileta kesi. Unajua klik? Ni ile tik tik ya kompyuta wanawekewa kwa masikio ili wimbo usiongeze mwendo. Sikufundishi kazi yako, lakini wewe ndiwe uliniambia benga ikifika pale waimbaji wananyamaza na solo na besi zinaanza kukimbizana, lazima watu wapande, hata kidogo tu, la sivyo wachezaji wanarudi kukaa. Sasa mtu wa drams anataka kupanda na tik tik inamvuta shati. Teki tatu ziliharibika hivo, ya nne akatupa hedifoni kwa magoti. Tukazima klik. Baadaye nikapima, wimbo ulianza kwa mapigo kama 128 kwa dakika na mwisho ulikuwa 135 hivi, na mwalimu akaandika pembeni ya ripoti yetu "mwendo haujatulia". Mimi naona umetulia vizuri sana, umetulia kwa miguu. Lakini maksi ni zake.

Mzee wa nyatiti ungempenda. Tukamwekea maiki moja karibu na zile nyuzi nane tukaona tumemaliza. Akakaa kwa kigoda, akafunga gara, zile njuga, mguuni, akavaa ile pete ya chuma, oduong'o, kwa kidole gumba cha mguu, akaangalia maiki, akaangalia sisi. "Na huku chini nani anasikiza?" Kumbe mguu ndio mtu wake wa drams, ile pete inagonga mti wa nyatiti yenyewe na gara zinajibu. Tukaleta maiki ya pili chini, na hapo sauti ikawa nyembamba ghafla kama redio ya jirani. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo maiki moja inasikia kitu na nyingine inasikia kitu hicho hicho kikiwa kimechelewa punje tu, ukizichanganya zinakulana. Tulisogeza ya chini kidogo kidogo, mzee anarudia mstari mmoja kama mara ishirini bila kulalamika, mpaka mwili wa sauti ukarudi. Alafu akapiga wimbo wote mara moja. Moja, mjomba. Nikaandika "teki 1, nzuri", akauliza, "Mlikuwa mnataka ngapi?"

Saa tisa mvua ikashuka. Studio ni ya mabati, imewekwa magodoro kwa ukuta na maboksi ya mayai ambayo wenye studio wanaamini yanasaidia, lakini mvua ya Kisumu ikiingia kwa mabati maiki zote zinakuwa maiki za mvua. Tukaketi, chai ikaja na mandazi. Nikaona nitumie hiyo nafasi kumaliza karatasi, nikauliza majina.

Mtu wa drams akasema, "Andika tu mtu wa drams." Wa rithim akasema andika jina la bendi inatosha. Nikawaambia nataka jina la kitambulisho, yote matatu. Wakacheka, ati kwani tunaenda kukopa? Nikajaribu kueleza, kwamba rekodi ikitoka inaweza kupewa namba yake, ISRC, herufi na tarakimu 12, na kuna PRISK, chama cha kukusanya malipo ya hawa wanaopiga na kuimba, juu si watunzi tu wana haki, lakini kama jina lako halikuandikwa siku ile ulipiga, kesho unaenda kusema nini? Kwamba huyo anayelia kwa besi ni wewe? Thibitisha.

Hapo nikanyamaza kidogo juu nilikuwa naongea mambo yako.

Hukuwahi kulalamika, ulikuwa unaiambia kama hadithi ya kuchekesha. Mlivyoingia studio asubuhi mkatoka jioni, mkalipwa mkononi, mkala ngege kando ya ziwa pesa ikaisha nusu, na santuri ikatoka, ile ndogo ya inchi saba, wimbo umekatwa mara mbili, Part 1 upande wa kwanza, Part 2 upande wa pili. Kwa lebo kuna jina la bendi, jina la wimbo, jina la mtunzi. Na upande wa pili, ambapo hakuna kuimba karibu yote, ambapo ni solo na besi tu, yaani ambapo ni wewe, hakuna wewe. Ulikuwa unasema, "Anayejua besi atanijua." Nikiwa mdogo niliona hilo jibu ni kali sana. Sahii sijui.

Juu nilimuuliza yule kijana wa besi ule mstari anarudia pale mwisho ameutoa wapi. Akasema kwa santuri za babake, za zamani. Nikauliza ni nani alipiga. Akataja bendi mbili tatu. Nikasema hapana, mtu, nani alishika besi? Akaniangalia kama nimemuuliza aliyechimba ziwa. Sisemi ulikuwa wewe, mlikuwa wengi mnapiga hivo. Lakini huyo mtoto amekula kwa sahani ya mtu na hajui ya nani, na si makosa yake.

Waliandika wote mwishowe. Wa drams ana majina manne. Siyaweki hapa, hayo ni ya ile karatasi.

Sasa nisijifanye shujaa wa makaratasi, kuna kitu niliharibu. Teki moja ilianza ikakatika sekunde tatu hivi, mimi sikuihesabu, kompyuta ikaihesabu. Kutoka hapo namba zangu na za kompyuta zikawa zimeachana kwa moja na sikujua. Jumapili usiku mwenzangu anayemiksi akanipigia saa tano, amekaa jioni nzima anasafisha ile nimeandika "bora kabisa" na ndani yake mwimbaji anakohoa na kusema pole. Alinitukana, na sikuwa na la kujibu, nilikuwa nimenuna juu ya kazi ya karani na bado nimeshindwa kuwa karani.

Mjomba, ile santuri yako niliipata kwa sanduku la Mama, imekwaruzwa lakini inaimba. Rafiki ana mashine, tumeihamisha kwa simu. Nasikia magitaa mawili upande wa pili, moja karibu na moja mbali, na mtu anapiga mluzi mara moja pale katikati, sijui ni nani. Nimechapisha karatasi kama ile ya Jumamosi, nimeacha nafasi sita. Moja nimeshaijaza.

Nakuja Ahero Jumapili na matatu ya asubuhi, nina spika ndogo. Usiende kwa mpunga kabla sijafika. Na kama yule mwenzako wa solo bado anaishi nyuma ya soko, mwambie aje, hata kama hamjaongea.