Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi: jua liko juu ya paa letu, sisi bado tunanunua tokeni ya stima ya kupasha maji

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Pipeline, Embakasi, hapa Nairobi. Naishi floo ya tatu kwa ploti ya ghorofa saba, na nikifungua dirisha nashika ukuta wa jirani. Saa nane mchana watoto wanafanya homuweki na balbu imewaka, korido nayo haizimwi mchana wala usiku, maana bila hiyo mtu atateleza kwa ngazi avunjike.

Juzi nilipanda juu kuanika nguo, nikafungua ule mpira mweusi unaotoka kwa tangi, maji yakanichoma mkono! Hakuna aliyeyapasha, ni jua tu, na huku chini watu wanaongeza tokeni ndio waoge na shawa ya instanti, ile inavuta kilowati 4 au 5, dakika kumi tu karibu yuniti nzima imeenda. Iliniuma sana.

Najua stima yetu nyingi ni safi tayari, kuna mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana. Lakini jioni watu wakirudi kazini kila mtu anawasha kila kitu, jua limeshatua, mitambo ya mafuta inaitwa kusaidia. Maji yakipashwa na jua mchana yakakaa kwa tangi linalohifadhi joto, huo mzigo unapungua bila hata betri.

Sasa shida ni hii. Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu mteja mwenye mtambo wake, usiozidi megawati 1, arudishe stima iliyobaki kwa gridi, nayo ihesabiwe kupunguza bili yake. Mimi mpangaji sina paa, landlodi ana paa lakini bili si yake, kila nyumba ina mita yake, sasa yeye anunue sola apate nini? Simlaumu. Hata kanuni za 2012 za kupasha maji kwa jua zilipatia majengo ya zamani miaka 5 kuweka mitambo hiyo, na bado paa za huku kwetu ni tangi na kamba za nguo.

Naomba kanuni ya sola ya paa moja kuhudumia mita nyingi, na landlodi apate mkopo unaolipwa polepole kupitia tokeni zetu, bora malipo yasizidi kile tunalipa sasa na kodi isipandishwe. Korido ziwekewe balbu za LED zenye sensa, hiyo ni kazi ya wiki moja.

Tuma mtu wa wizara aje saa nane mchana, nitampandisha mwenyewe mpaka juu ashike huo mpira.

Mpangaji, Pipeline