Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Selective Service: vijana wetu wapewe jibu lote

Kwa Mkurugenzi,
Selective Service System,
Arlington, Virginia.

YAH: KUSAJILIWA NA KUITWA JESHINI

Ndugu Mkurugenzi,

Tunaokuandikia tunawasaidia wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani kujaza fomu za serikali. Kila kijana wa kiume akikaribia miaka 18 na kutakiwa asajiliwe Selective Service, yaani ofisi yako inayotunza orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, nyumbani kwao linaulizwa swali moja: "Hili ndilo jeshi lenyewe?" Ofisi yako hujibu kwamba sivyo. Jibu ni sahihi, ila ni nusu.

Ni sahihi kwa sababu mamlaka ya kuwaita watu jeshini kwa lazima yalikoma mwaka 1973 na hayajarudi. Usajili nao ulisimamishwa 1975, ukarudishwa na Rais Carter 1980. Ili kijana aitwe leo, Bunge lazima lipitishe sheria na Rais aitie saini. Ndipo ichezeshwe bahati nasibu ya mashine mbili: moja ina tarehe za kuzaliwa, ya pili ina namba 1 hadi 365, na kila tarehe inayotoka hupewa namba. Wanaanza wanaotimiza miaka 20 mwaka huo, wanafuata wa 21 hadi 25, halafu wa 19 na 18. Baadaye ndiyo vipimo vya afya na maombi ya wasioruhusiwa na dhamiri kushika silaha. Fomu ya usajili haina hata mahali pa kueleza dhamiri hiyo.

Nusu ya pili ni hii: orodha yenu haikutungwa kwa kazi nyingine. Mwaka 1981, katika kesi ya Rostker dhidi ya Goldberg, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali wanawake waachwe nje ya usajili kwa hoja kwamba shabaha yake ni kuandaa mwito wa askari wa mapigano. Kwa hiyo mama anayesema mwanawe amewekwa kwenye foleni hajakosea. Sisi humwambia: foleni ipo, mlango umefungwa, ufunguo uko Bungeni. Tungependa ofisi yako iseme wazi hivyo hivyo.

Maneno yana uzito wake. Mtanzania akisikia "kujiandikisha" analikumbuka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, ambako mhitimu wa kidato cha sita huitwa na kuripoti kambini. Mkongomani aliyekimbia vita vya Kivu anasikia orodha ya vijana wa kiume inayotakiwa na wakubwa, naye anamficha mtoto. Hapo ndipo hasara inapoanza, maana akishatimiza 26 hasajiliwi tena. Sheria inataja kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Mashtaka hayajafunguliwa tangu miaka ya 1980, lakini kazi za serikali kuu zinamfungia mlango, na uraia unakwama. Mwombaji wa fomu N-400 (ya kuomba uraia) mwenye miaka kati ya 26 na 31 hutakiwa kuonyesha kwamba hakukwepa kwa kujua. Anahitaji barua ya hali ya usajili kutoka kwenu na maelezo ya kiapo. Wengi hawajui kwamba barua hiyo ipo mpaka siku ya usaili.

Sasa sheria ya ulinzi iliyotiwa saini Desemba 2025 inawakabidhi ninyi kazi ya kusajili: mtachukua majina kwenye kumbukumbu za serikali badala ya kumsubiri kijana ajaze mwenyewe. Tunaipokea kwa nia njema, lakini makosa ya kumbukumbu hizo yatakuwa yenu. Chukueni tarehe ya 1 Januari. Mkimbizi asiye na cheti cha kuzaliwa mara nyingi huandikiwa siku hiyo, na mwaka wa kukisia. Mwito ukitoka, vijana wote wa 1 Januari wa mwaka mmoja watapata namba moja. Bahati ya kila mmoja haibadiliki, lakini waliokulia kambi moja wataitwa kwa mkupuo, au wataachwa kwa mkupuo. Tena aliyekisiwa mwaka mmoja zaidi atakaa mstari wa mbele akiwa bado na miaka 19.

Kuna pia mwanafunzi wa viza ya F-1. Hadhi yake ya uanafunzi ikiwa hai hatakiwi kusajiliwa. Hadhi yake ikipotea kabla ya 26, anatakiwa. Mfumo unaosoma jina bila kusoma hadhi utakosea pande zote mbili.

Tunaomba barua ya kumjulisha kijana kwamba amesajiliwa itolewe pia kwa Kiswahili, ikieleza mambo manne: hajaingia jeshini; orodha ni ya mwito ukitokea; akihama atoe anwani mpya ndani ya siku 10; na jinsi ya kusahihisha tarehe ya kuzaliwa, pamoja na nyaraka zinazokubalika kwa asiye na cheti. Hili la mwisho lipatiwe jibu kabla mfumo haujawashwa.

Wasalaam,
Wakalimani na wasaidizi wa fomu za wahamiaji