Shukrani za familia ya Fundi wa baskeli, Konde

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mjane, watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu huku kaskazini ya Pemba mlimjua kwa jina la Fundi tu, tunatoa shukrani kwa wote mliokuwa nasi tangu alipougua mpaka tulipoondoa tanga. Nimepewa kazi ya kuandika mimi, mwanawe wa tatu, kwa sababu ndugu zangu wamekubaliana kwamba mwenye maneno mengi ndiye mimi. Majina sitayataja. Nikianza nitasahau la mtu, na baadhi yenu mlishatuonya mapema kwamba mlichotoa kibaki baina yenu na Mola wenu.

Mama, ambaye amekaa eda, ametaka aanze kushukuriwa mtu aliyekuja kutudai.

Baada ya maziko kaka yetu mkubwa alisimama pale mavani akatangaza kama ilivyo ada: yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, maana roho ya Muumini hutundikwa na deni lake mpaka lilipwe. Sisi wanawake hatukwenda mavani, lakini habari zilitufikia kabla wanaume hawajanawa mikono. Hakujitokeza mtu. Usiku wa pili akaja mzee mmoja, akakaa barazani muda mrefu, akanywa kahawa, akauliza mavuno ya karafuu, akaaga, akarudi. Ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu alichukua kwake tairi mbili na tyubu kwa mali kauli, na imebaki shilingi 18,000. Jasho lilimtoka kwa haya. Mzee wetu, ulidhani unatuongezea msiba, kumbe ulikuwa unampunguzia baba mzigo. Kuingia nyumba ya tanga na gunia la mchele mtu yeyote anaweza. Kuingia na deni ni kazi nzito, na wewe uliifanya kwa ajili yake. Allah akulipe.

Waliokuja baada yake walikuja na la kinyume: kila mmoja akisema yeye ndiye anayedaiwa. Ikabidi tulifungue daftari la baba, lile lenye madoa ya grisi. Mahali pa kuandika pesa, pengi ameandika neno moja tu, "skuli". Tuliulizana maana yake mpaka mdogo wetu aliyekuwa akimsaidia kibandani akatwambia. Mtoto akija na nguo za skuli, baba humtilia kiraka, humkazia mnyororo, humnyooshea rimu, na hatozi. Huandika ili ajue solushen yake imekwendea wapi, basi. Miaka yote hiyo nyumbani hatukuwa na habari, na mimi mwenyewe niliwahi kumsema kwamba kazi anafanya nyingi na pesa hazionekani.

Kuna mtu mzima, sasa ana watoto wake, alileta pesa mkononi kulipia viraka vya miaka mitatu ya skuli. Tulizikataa. Deni ambalo mwenyewe hakutaka kuliandika sisi hatuna haki ya kulipokea. Aliondoka amenuna. Siku tatu baadaye tukakuta pampu mpya inaning'inia kwenye nguzo ya kibanda.

Wasiojua niwaeleze. Baba alikuwa na pampu aliyoifunga kwa kamba kwenye nguzo ile, usiku na mchana, ili anayepita na kibanda kimefungwa ajaze upepo aende zake. Iliibiwa mara mbili, akanunua ya tatu. Mama aligombana naye: "Wewe unawanunulia wezi pampu." Akajibu kwamba mwizi naye ana baskeli. Ya tatu ilikufa kwa uzee wakati yeye yuko hospitali, kwa hiyo hii mpya imekuta nguzo tupu. Tumesikia pia kwamba mafundi wawili wa njia ya Micheweni wametundika zao. Mmoja amezungusha mnyororo na kufuli kubwa, na hatumlaumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Wete, na wa Mnazi Mmoja huko Unguja alikopelekwa. Muuguzi wa zamu ya usiku uliyekuwa ukimgeuza ubavu kwa ubavu huku ukimwita "babu yangu", alikuitikia mpaka sauti ilipokatika. Vijana mliokwenda kutoa damu, wengine bila hata kumjua, mlikuwa wengi kuliko chupa zilizohitajika. Wachukuzi wa bandari ya Malindi mlilibeba jeneza mpaka melini mkakataa ujira. Na dereva uliyetupokea Mkoani, kutoka pale mpaka Konde ni kuikata Pemba kusini mpaka kaskazini, ukakataa hata pesa ya mafuta. Ulitwambia neno moja tu, "twendeni", na njia nzima hukuwasha redio.

Msiba ulitukuta katikati ya msimu wa karafuu, na hapa ndipo ninapokosa maneno, mimi niliyesifiwa kwa maneno. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kile kipimo cha karafuu alizochuma, na siku usiyopanda mkarafuu huna pishi. Vijana waliochimba kaburi walitoka mashambani asubuhi jua likiwaka, jua ambalo kila mwenye karafuu huliombea dua. Hakuna aliyerudi shamba siku ile.

Zetu wenyewe zilikuwa uwanjani, majamvi sita yameanikwa, na gunia mbili mbichi hazijachambuliwa. Sisi hakuna aliyezikumbuka. Alasiri wingu likatanda kwa upande wa bahari, na kabla ya tone la kwanza majirani walikwisha zianua zote. Usiku ule, wakati sisi tumelala chini kama waliopigwa, wanawake wa mtaa walizimwaga zile mbichi ukumbini wakazichambua, maana zikilala guniani huvunda. Mikono ikitenga karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, midomo ikimsomea baba. Nilizinduka usiku wa manane nikasikia sauti hizo mbili pamoja, nikalala tena. Asubuhi wakaanika, jioni wakaanua, hivyo hivyo mpaka zilipokauka, wakatukabidhi gunia zimeshonwa na makonyo yake kando. Hazikupungua, na nadhani ziliongezeka, kwa sababu kaka amezipima na hesabu yake haifanani na yetu. Aliyetia za kwake mle ndani tunamjua, na tumenyamaza kama alivyotaka.

Mlioosha, mlioshona sanda, imamu wetu na waliosoma hitma, sheha, walimu na wanafunzi mliokuja kwa miguu, mlioleta ubani, mchele, nazi na kuni, mliokoroga uji alfajiri, ndugu zetu wa Unguja, Mombasa na Maskati mliotuma na kupiga simu: nyote tunasema ahsanteni, Allah awape kheri na awarehemu waliotangulia wenu na wetu.

Mama ataendelea na eda mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Kinamama wanaotaka kumuona waje baada ya sala ya alasiri, asubuhi hulala kidogo. Kibanda kitafunguliwa Jumamosi, na mdogo wetu ndiye atakayekaa. Mle ndani kuna baskeli tatu za watu. Mbili wenyewe tunawajua. Ya tatu ni Phoenix ya kike, nyekundu, imeshatiwa mnyororo mpya, na kwenye daftari ameandika "skuli". Mzazi wa huyo mtoto amtume aje aichukue.

Pia bado tuna sufuria moja kubwa yenye mkono mmoja na masinia manne ya watu.